Kupitia Mlango Gani? Utangulizi wa Elimu ya Kupungua kwa Uzazi

Kati ya mwaka 1977 na 1978 wadadisi walizunguka vijiji na mitaa ya Kenya wakiwauliza wanawake habari za watoto wao. Majibu yalipokusanywa na kupigiwa hesabu, yalitoa wastani wa watoto 8.1 kwa kila mwanamke. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zenye uzazi mkubwa kupita zote duniani, na wataalamu wengi waliamini ingebaki hapo kwa muda mrefu. Utafiti wa namna hiyohiyo uliofanyika mwaka 2022 ulitoa wastani wa 3.4. Bibi aliyezaa wanane leo ana mjukuu aliyezaa watatu na kusema basi.

Ikiwa unatamani kujua ni nini kilichotokea hapo katikati, karibu sana. Umeingia katika uwanja ambao mimi binafsi sijawahi kuuchoka. Elimu hii huitwa demografia, yaani elimu ya idadi ya watu: namna watu wanavyozaliwa, wanavyokufa na wanavyohama. Usitishwe na hesabu zake. Nyingi ni kujumlisha, kuzidisha na kugawanya. Kazi iko katika kujua unagawanya nini kwa nini, na kwa nini mama wa Kirinyaga, Kenya ya Kati, amefikia uamuzi ambao mama wa Mandera, kaskazini mashariki mwa nchi hiyohiyo, hajaufikia.

Tuanze na maneno, maana hapa ndipo mazungumzo mengi ya barazani huharibikia. Watu husema “idadi ya watu inapungua” wakiwa na maana kwamba uzazi unapungua. Hayo ni mambo mawili, na punde tutaona jinsi yanavyoweza kwenda njia tofauti kabisa. Wengine husikia “uzazi umepungua” wakadhani wanawake wamekuwa tasa. Sivyo. Katika demografia, uzazi ni watoto waliozaliwa hai kwa hakika. Uwezo wa mwili wa kuzaa ni jambo jingine, na uwezo huo kwa kawaida ni mkubwa kuliko idadi ya watoto ambao jamii yoyote imewahi kuzaa.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni kiwango ghafi cha vizazi: idadi ya watoto wanaozaliwa hai katika mwaka mmoja kwa kila watu 1,000. Kinaitwa ghafi kwa sababu hakijachambuliwa. Katika hao 1,000 wamo wazee, wanaume na hata watoto wachanga wenyewe. Nchi iliyojaa wazee itaonekana ina vizazi vichache hata kama wanawake wake vijana wanazaa sawa na wa nchi jirani. Kwa hiyo wanademografia hukitumia kwa tahadhari, kisha hukimbilia kipimo bora zaidi.

Hicho bora ni kiwango cha jumla cha uzazi, na ndicho kilichotupa zile 8.1 na 3.4. Huchukuliwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49, wakagawanywa katika makundi saba ya miaka mitano mitano. Kwa kila kundi tunauliza: katika mwaka mmoja, wanawake 1,000 wa rika hili wamezaa watoto wangapi? Tutunge mfano. Tuseme majibu, kuanzia rika dogo hadi kubwa, ni 60, 200, 200, 160, 110, 50 na 10. Jumla yake ni 790. Kila mwanamke hukaa miaka mitano katika kila rika, kwa hiyo zidisha mara 5, utapata 3,950 kwa wanawake 1,000. Mwanamke mmoja, basi, ana watoto 3.95. Umeshakokotoa kiwango cha jumla cha uzazi, na hukuhitaji zaidi ya kalamu na karatasi.

Ila kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hujikwaa nalo. Huyo mwanamke mwenye watoto 3.95 hayupo popote. Ni mtu wa kufikirika ambaye angeishi miaka yake yote ya kuzaa akifuata mwenendo wa mwaka huu: akiwa na miaka 17 azae kama wa miaka 17 wa leo, akiwa na 42 azae kama wa miaka 42 wa leo. Mama halisi mwenye miaka 42 alikuwa na miaka 17 robo karne iliyopita, katika dunia tofauti. Weka jambo hili akilini, tutalihitaji tukifika Korea Kusini.

Na takwimu hizo hutoka wapi? Mahali ambapo kila kizazi na kila kifo huandikishwa, hufunguliwa daftari tu. Kwetu Afrika Mashariki uandikishaji bado una mapengo, kwa hiyo tunategemea kumuuliza mama mwenyewe. Mahojiano hayo huitwa historia ya uzazi, na yana ufundi ambao naupenda sana. Mdadisi haanzi kwa kuuliza “Umezaa watoto wangapi?” Anauliza: Umewahi kuzaa? Una watoto wa kiume unaoishi nao hapa? Wangapi? Na wa kike? Wapo wanaoishi kwingine, kwa bibi, shuleni, kwa baba yao? Kisha sauti inashuka: Uliwahi kujifungua mtoto aliyezaliwa hai, hata kama alilia mara moja tu, lakini baadaye akafariki? Mama aliyekuwa na jibu la “watano” mdomoni huweza kumaliza akiwa na saba. Hakudanganya. Yule anayeishi kwa shangazi hakumhesabu kwa sababu hali chakula hapa, na yule aliyekufa siku ya tatu hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake. Tarehe nazo hutafutwa kwa matukio: mtoto huyu alizaliwa kabla au baada ya mvua za El Niño? Mwaka MV Bukoba ilipozama alikuwa ameanza kutembea? Kila desimali utakayoisoma katika ripoti imepitia vikao vya namna hiyo.

Namba nyingine ya kuikumbuka ni 2.1. Ni wastani wa watoto unaotosha kizazi kimoja kujaza nafasi ya kilichotangulia, pasipo kuongezeka wala kupungua, mahali ambapo vifo vya watoto ni vichache. Kwa nini isiwe 2 kamili, mmoja wa baba na mmoja wa mama? Kwa sababu wavulana huzaliwa wengi kidogo kuliko wasichana, takriban 105 kwa kila 100, na baadhi ya wasichana hufariki kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Penye vifo vingi, namba hiyo hupanda.

Sasa lile fumbo nililoahidi. Nchini Tanzania kiwango cha jumla cha uzazi kilikuwa 6.2 katika utafiti wa 1991/92, na 4.8 katika ule wa 2022. Uzazi umeshuka, hakuna ubishi. Hata hivyo sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9 na ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, na kasi ya ongezeko kwa mwaka ilipanda kutoka asilimia 2.7 hadi 3.2. Inawezekanaje uzazi ushuke na ongezeko lipande? Wasichana wengi waliozaliwa na akina mama wa zamani sasa nao ni akina mama. Kila mmoja anazaa wachache kuliko mama yake, lakini wao wenyewe ni wengi mno. Hali hii huitwa msukumo wa idadi. Ongeza na watoto ambao zamani wangekufa kwa surua au kuhara na sasa wanakua, utaona madarasa yanavyojaa. Mtu akikwambia uzazi haujapungua kwa sababu shule ya kata imefurika, mweleze hili kwa upole.

Picha kubwa ya mabadiliko haya ina jina: mpito wa demografia. Warren Thompson aliichora mwaka 1929, na Frank Notestein akaipa umbo kamili mwaka 1945. Jamii hutoka kwenye vizazi vingi na vifo vingi, hufika kwenye vizazi vichache na vifo vichache, na kwa kuwa vifo hutangulia kushuka, hapo katikati watu huongezeka kwa kasi. Ni picha ya kweli kwa jumla. Lakini ina kasoro inayomsumbua kila anayetaka kuelewa: inasema maendeleo hupunguza uzazi, kisha inanyamaza. Maendeleo yapi? Barabara ya lami inamfanyaje mtu azae wachache?

Nataka tukae hapa kwa muda, kwa sababu ukilishika jambo hili moja umeshika ufunguo wa uwanja mzima. Mwaka 1956 Kingsley Davis na Judith Blake walitoa hoja iliyo wazi mpaka unajiuliza kwa nini haikusemwa mapema. Ili mtoto azaliwe, lazima wawili wakutane kimwili, mimba itungwe, na mimba hiyo ikomae hadi kujifungua. Kwa hiyo hakuna jambo la kijamii, iwe elimu, dini, umaskini au mji, linaloweza kugusa uzazi moja kwa moja. Lazima lipitie mojawapo ya hatua hizo. Mwaka 1978 John Bongaarts aliichukua hoja hiyo akaipunguza hadi mambo machache yanayopimika, ambayo tunayaita visababishi vya karibu. Mimi nikifundisha huviita milango, na swali ninalowachosha nalo wanafunzi ni hili: kupitia mlango gani?

Mlango wa kwanza ni ndoa, kwa maana pana ya kuishi au kukutana na mwenzi. Msichana anayeolewa akiwa na miaka 16 ana miaka mingi ya kuzaa mbele yake kuliko anayeolewa akiwa na 26. Wa pili ni uzazi wa mpango: vidonge, sindano, vijiti, kitanzi, kondomu, kufunga uzazi na njia za asili. Wa nne, niuruke wa tatu kidogo, ni utoaji mimba, ambao katika nchi zetu sheria huubana na kwa hiyo takwimu zake hujificha. Utasa unaotokana na magonjwa nao huweza kuhesabiwa. Zamani za ukoloni, magonjwa ya zinaa yalisababisha utasa mkubwa katika maeneo kadhaa ya Afrika ya Kati, Kongo ikiwemo, na penisilini ilipofika uzazi ukapanda.

Mlango wa tatu watu huusahau, nao ndio uliofanya kazi kubwa kwa bibi zetu: muda ambao mama hawezi kushika mimba baada ya kujifungua. Kunyonyesha mfululizo huchelewesha yai kupevuka, na mila ziliongezea mwiko juu ya maumbile. Kila aliyekulia Pwani au bara ya Tanzania amesikia habari ya kubemenda mtoto. Wazazi wakikutana mapema kabla mtoto hajapata nguvu, mimba nyingine ikiingia, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto hudhoofika, miguu hukataa kutembea, na wazee husema kabemendwa. Daktari akimwona huyo mtoto huenda akaandika utapiamlo. Mwanademografia huona kitu kingine ndani ya mwiko huo: kanuni ya kupanga uzazi iliyokuwapo kabla ya zahanati ya kwanza, yenye askari wake, yaani mama mkwe aliyelala chumba cha pili.

Sasa ona matokeo. Mama anapohamia mjini, anapopata maziwa ya kopo, anapoishi mbali na mama mkwe, mlango huu hufunguka. Akiwa bado hajaanza kutumia sindano wala vidonge, atazaa zaidi ya mama yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Kenya: uzazi ulipanda kwanza, kati ya miaka ya 1950 na 1970, kabla ya kuanza kushuka. Na katika ule utafiti wa 1977/78, wanawake waliosoma miaka michache tu ya msingi walikuwa na uzazi mkubwa kuliko wasiosoma kabisa. Anayedhani elimu hupunguza uzazi kama dawa inavyoshusha homa hapati pa kuuweka ukweli huo. Anayeuliza swali la mlango anaupokea kwa utulivu: kusoma kidogo kulifuta mwiko wa zamani, lakini hakukutosha kuchelewesha ndoa wala kumfikisha mama kwenye uzazi wa mpango.

Tuyapitie basi mambo ya kijamii yanayotajwa zaidi, swali letu likiwa mkononi.

Elimu ya wasichana hutajwa mbele ya yote, na kwa haki. Katika utafiti wa Kenya wa 2022, wasiosoma kabisa walikuwa na wastani wa watoto 6.3, na waliovuka sekondari 2.8. Mlango wa ndoa unaonekana wazi: binti aliye kidato cha nne hajawa mke wa mtu. Mlango wa uzazi wa mpango pia, kwa kuwa aliyesoma humuuliza muuguzi maswali, tena huwa na sauti zaidi nyumbani. Lakini hapa sharti nikutahadharishe, kwa sababu kosa hili hata wasomi hulifanya. Mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Binti aliyefika chuo kwa kawaida ametoka katika nyumba yenye uwezo, karibu na mji, kwa wazazi waliokwisha kuamua kuzaa wachache ili wasomeshe. Sehemu ya ile tofauti ni ya nyumba aliyotoka, na kuitenga na ya darasa ni kazi ngumu yenye hesabu zake, utakazozifikia baadaye.

Vifo vya watoto ni jambo la pili. Mzazi anayejua kwamba kati ya watoto wanne mmoja huenda asifike miaka mitano hawezi kuishia wawili. Nchini Kenya, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa 115 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa 2003, na 41 katika ule wa 2022. Vifo hivi hupitia milango miwili kwa pamoja. Kichanga akifariki, kunyonyesha hukoma na mimba inayofuata huja upesi, mama apende asipende. Huo ni mwili. Zaidi ya hapo, imani kwamba watoto watapona hujengeka polepole, na ikishajengeka huingia kwenye uamuzi wa kutumia uzazi wa mpango.

Kisha kuna gharama. Gary Becker, mchumi wa Marekani, aliandika mwaka 1960 kwamba wazazi huchagua kati ya wingi wa watoto na kiasi watakachomwekezea kila mmoja. Mwanademografia wa Australia John Caldwell, aliyefanya kazi miaka mingi Nigeria, alilitazama jambo hilo kwa jicho la Kiafrika zaidi. Mwaka 1976 alieleza kwamba swali kuu ni mali inatiririka kuelekea wapi. Pale ambapo mtoto huchunga mbuzi, huchota maji, hulima, na akiwa mtu mzima huwatunza wazazi, mali hutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi, na kuzaa wengi ni busara tupu. Tuliosema mtoto huja na riziki yake hatukuwa wajinga. Shule inapoingia, mkondo hugeuka. Mtoto hashindi shambani, na kila Januari anadai sare, daftari, viatu, karo kwa Mkenya au ada kwa Mtanzania. Huko Kenya ya Kati ardhi nayo ilikuwa imekatwakatwa kwa urithi mpaka baba mwenye ekari mbili na wana watano hakuwa na cha kugawa. Alibaki na urithi mmoja wa kuwapa, yaani elimu, na elimu ya sekondari kwa watoto wanane hailipiki. Kaunti ya Kirinyaga ilikuwa na wastani wa 2.3 katika utafiti wa 2014.

Je, njia za uzazi wa mpango zikiwepo, zinatosha peke yake? Historia ya Kenya inasema hapana. Serikali ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967, wa kwanza kusini mwa Sahara, na kwa takriban miaka kumi uzazi haukushuka. Ansley Coale, aliyeongoza utafiti mkubwa wa Chuo Kikuu cha Princeton kuhusu uzazi Ulaya, alitaja masharti matatu mwaka 1973. Kwanza, idadi ya watoto iwe jambo ambalo watu wanaona linaweza kuamuliwa, si la Mungu peke yake. Pili, kuzaa wachache kuwe na faida. Tatu, njia ziwepo na zifahamike. Kenya ya 1967 ilipewa sharti la tatu kabla ya yale mawili. Mwanzoni wanawake walisema familia bora ina watoto zaidi ya sita. Kufikia 1989 walikuwa wakisema 4.4, na matumizi ya uzazi wa mpango miongoni mwa walioolewa yalikuwa yamepanda kutoka asilimia 7 hadi 27.

Utafiti huo wa Princeton uligundua jambo lililowashangaza wachumi: huko Ulaya uzazi haukushuka kwa kufuata utajiri tu, bali ulifuata pia mipaka ya lugha na utamaduni. Ubelgiji ni mfano maarufu, ambapo vijiji vya pande mbili za mpaka wa lugha, vyenye uchumi unaofanana, vilishuka kwa nyakati tofauti. Watu huiga wanaozungumza nao. Huku kwetu, Susan Watkins na wenzake walifuatilia mazungumzo ya wanawake wa Nyanza, Kenya, kuhusu uzazi wa mpango. Muuguzi hutoa maelezo. Lakini kama kweli sindano inaharibu kizazi au la, hilo huulizwa shoga au wifi aliyeitumia. Mwenye mume mkali huchagua sindano kwa kuwa haionekani, na kadi ya kliniki humwachia jirani.

Redio nayo ni mazungumzo. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, wenye yule dereva wa lori Mkwaju ambaye wengi wa rika langu wanamkumbuka. Kwa miaka miwili ya mwanzo Dodoma haikuupata mchezo huo, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi pale uliposikika. Majaribio ya wazi kiasi hicho ni adimu katika uwanja wetu, na najivunia kwamba moja lilifanywa kwa Kiswahili.

Dini nitaigusa kwa ufupi, kwa sababu hupewa uzito zaidi kuliko inavyostahili. Iran, chini ya serikali ya wanazuoni, ilishuka kutoka zaidi ya watoto sita katikati ya miaka ya 1980 hadi takriban wawili kufikia 2000. Mpango wake wa uzazi, uliorejeshwa mwaka 1989, ulipata baraka za wanazuoni haohao.

Usidhani kwamba mstari ukianza kushuka huteremka bila kusita. Nchini Kenya uzazi ulikuwa 4.7 mwaka 1998, na mwaka 2003 ukawa 4.9. Matumizi ya uzazi wa mpango yalikwama kwenye asilimia 39. Fedha na macho ya wafadhili vilikuwa vimehamia kwenye UKIMWI, na vifo vya watoto vilikuwa vimepanda katika miaka ya 1990. Lakini soma pia maelezo ya chini ya jedwali, tabia ambayo ningependa uijenge mapema: utafiti wa 2003 ulikuwa wa kwanza kufika nchi nzima, zikiwemo wilaya za kaskazini zilizoachwa nje hapo kabla. Sehemu ya kupanda huko ilitokana na kuwahesabu watu ambao hawakuwa wakihesabiwa.

Tumefika upande wa pili wa 2.1, na hapa mpito wa demografia wa kale hauna tena la kusema. Ulidhani jamii zitatulia kwenye wawili. Korea Kusini ilikuwa na wastani wa takriban watoto sita mwaka 1960. Mwaka 2023 ilifika 0.72. Ukiuliza swali letu, jibu la kwanza linashangaza kwa urahisi wake: mlango wa ndoa. Kule kuzaa nje ya ndoa ni nadra sana, kwa hiyo vijana wasipooana, watoto hawaji. Nyuma ya mlango huo zimesimama bei za nyumba za Seoul, masomo ya ziada ambayo kila mzazi hujiona lazima ayalipie, saa ndefu za kazi, na waajiri pamoja na waume wanaomwachia mke malezi yote. Ron Lesthaeghe na Dirk van de Kaa, mwaka 1986, waliyaita mabadiliko ya namna hii, ya ndoa kuchelewa au kuachwa na mtu kutanguliza maisha yake mwenyewe, mpito wa pili wa demografia.

Hapa sasa mkumbuke yule mwanamke wa kufikirika. Wanawake wakiahirisha kuzaa kutoka miaka 25 hadi 30, katika miaka ya kuahirisha vizazi vitaonekana vimeporomoka, hata kama kila mmoja atakuja kupata watoto aliowataka. Bongaarts na Griffith Feeney walionyesha mwaka 1998 namna ya kulisahihisha hilo. Japani ilitoa mfano mkali zaidi mwaka 1966, mwaka wa Farasi wa Moto katika kalenda yao, ambao binti akizaliwa ndani yake husemwa atamwangamiza mumewe. Uzazi ulidondoka hadi 1.58 kwa mwaka huo mmoja, kisha ukarudi juu mwaka uliofuata. Mwaka 1989 ulipofika 1.57, pasipo farasi yeyote, ndipo Wajapani walipostuka. Korea, hata ukisahihisha, inabaki chini sana ya 2.1; kwa hiyo kuahirisha ni sehemu tu ya habari.

Ukitaka kuanza kazi mwenyewe, tafuta ripoti ya Kenya ya 2022 na ufungue jedwali la uzazi kwa kaunti. Nairobi ina 2.5, Mandera ina 7.7, nchi moja, serikali moja. Usikimbilie kusema ni dini au ni umaskini. Nenda kwanza kwenye jedwali la umri wa kuolewa, halafu la uzazi wa mpango, halafu la muda wa kunyonyesha. Mwisho fungua sura ya idadi ya watoto ambayo watu wanaitaka, na utafute kipimo kiitwacho hitaji lisilotimizwa, yaani wanawake wanaotaka kuahirisha au kuacha kuzaa lakini hawatumii njia yoyote. Utaona kwamba kaskazini mashariki si watoto waliozaliwa tu walio wengi, hata wanaotakiwa ni wengi. Ukiliona hilo, rudi kwa Coale na masharti yake matatu, uandike kwenye daftari lako lipi unadhani bado halijatimia kule, na ni jedwali lipi lingeweza kukuonyesha kwamba umekosea.